Anayesaini Anapanda

Siku niliyohamia ile nyumba ya Glenwood, Durban, mwenye nyumba alilala kwenye kitanda changu kabla yangu. Saa nane mchana, jua kali, mimi nimesimama barazani na mabegi yangu ya vitenge, nasikia mtu anakoroma ndani ya chumba nilichokwisha kukilipia kodi. Nikauliza, jamani, huyo ni nani? Mkongomani mmoja aliyekuwa anapiga pasi ukumbini akanijibu bila hata kuinua macho: "Ni Afande. Alitengenezaka kitanda yako asubuhi, sasa iko anaijaribu. Ngojea tu, mama. Kama inavunjika, ivunjike na yeye."

Akatoka baada ya saa nzima, shati lake la kijeshi lisilo na cheo limekunjamana mgongoni. Akanitazama juu mpaka chini, akatangaza kwamba kitanda ni kizima na ninaweza kuingia. Hakuomba radhi wala nini. Nikalitandua shuka, nikalifua pale pale mbele yake, nikamwambia kwetu Tanga mwanamume akilala kwenye kitanda cha mwanamke ambaye hata jina hamjaulizana, huwa kuna kesi. Akacheka mpaka akashika mlango. Tangu siku ile tukawa tunagombana kila siku, na tukapendana.

Nyumba yenyewe wala haikuwa yake. Aliikodi kwa bibi mmoja aliyehamia kwa mwanawe Cape Town, akatugawia vyumba sisi watu wa mbali. Tuliokaa muda mrefu tulikuwa watatu: mimi muuza vitenge, yule Mkongomani kinyozi tuliyemwita Papa Merveille, na Mkenya mmoja aliyekuwa anasomea udaktari wa mambo ya uchumi, ambaye tulimwita Daktari kwa mkopo, maana shahada yenyewe ilikuwa haijatoka. Afande tulimwita Afande. Jina lake nilikuja kulijua baadaye kabisa, na silitaji hapa, kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa haitiki akiitwa kwalo.

Ujanani alikuwa fundi katika jeshi letu la anga, nyumbani Tanzania. Wakampeleka Uchina, kwenye kambi ya ndege huko kaskazini ambako, kwa maneno yake, hata mkojo unajifikiria mara mbili kabla ya kutoka. Akakaa miaka. Kazi yao ilikuwa zile ndege za viti viwili za kufundishia marubani. Na pale kambini kulikuwa na sheria moja: fundi akimaliza kutengeneza ndege, akatia saini kwenye kitabu chake kwamba ni nzima, basi siku ya kuijaribu anakaa yeye kiti cha nyuma. Hakuna cha nimefunga, hakuna cha kichwa kinauma. Anayesaini anapanda. Kamanda wao aliona hiyo ndiyo dawa pekee ya kumfanya fundi akaze skrubu zote.

Afande aliacha jeshi, akaacha Uchina, akaacha nchi yake, lakini sheria hiyo hakuiacha. Alitutawala nayo. Mimi nikikaanga maandazi, la kwanza nilile mwenyewe mbele yake, nimeze, nisubiri, ndipo naye anyooshe mkono. Papa Merveille, kabla hajamgusa kichwa, ilibidi ajinyoe yeye kwanza kwa mashine ile ile, kwa hiyo alitembea na pengo la nywele nyuma ya sikio karibu mwaka mzima, akiwaeleza wateja kwamba ni mtindo wa Kinshasa. Daktari alipopigilia rafu ya vitabu ukutani, Afande alimwamuru akae chini yake siku nzima. Akakaa, akasoma, na jioni ikamwangukia begani.

"Sasa umeona?" Afande akamwambia akimpaka dawa. "Ingekuwa imemwangukia mtu asiye na hatia."

Na kazini ni hivyo hivyo. Alikuwa fundi kwenye ghala moja huko Mobeni, anatengeneza fokolifti, zile gari za kunyanyulia mizigo. Akimaliza moja, anapanda juu ya uma wake, anaagiza anyanyuliwe mpaka karibu na dari, na huko juu anakaa akiwapungia wenzake mkono. Msimamizi akampa onyo la maandishi. Afande akalitia kwenye fremu, akalitundika jikoni kwetu juu ya friji.

Sasa ungedhani mtu mwenye sheria kama hiyo ni fundi hodari. Thubutu! Sijapata kuona mikono iliyotengeneza vitu vibaya kiasi kile. Kitanda changu, kile alichokikagua kwa kukoroma, kilikuwa kinalia kila nikigeuka hivi kwamba Daktari alinisemea kwa wengine. Meza ya jikoni aliisawazisha mguu mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka tukawa tunakula tumechuchumaa. Siku alipotengeneza tangi la maji ya moto la bafuni, aliingia yeye kwanza kuoga, kwa mujibu wa sheria. Tukasikia yowe. Akatoka mbio na taulo la mkono tu, povu mwili mzima, akapita katikati yetu mpaka uani, akajimwagia ndoo ya maji ya kufulia.

"Afande, kwani huko China ulikuwa unarepair ndege ama ulikuwa unachemsha chai?" Daktari akamuuliza.

"Nacheka na wewe kwa sababu sina nguo," Afande akajibu kutoka uani. "Nikivaa, nakuja."

Nilijiuliza sana zile ndege zilirukaje. Nikamuuliza. Akasema huko walikuwa mafundi sita kwa ndege moja, na Wachina watano walikuwa wanarudia kazi yake kimyakimya akishageuka. Alisema hivyo bila aibu, akiendelea kula embe langu.

Hadithi zake za kambini hazikuwa na vita hata moja, hilo nalo lilimuudhi Daktari, ambaye alitaka mabomu. Afande alikuwa na hadithi za soksi. Alikuwa na hadithi za mkate wa kuchemshwa kwa mvuke usiokuwa na chumvi, na jinsi yeye na wenzake wawili wa Kitanzania walivyokuwa wanaficha pilipili kwenye makoti yao ya pamba kama watu wanaoficha bangi. Kila asubuhi, alisema, kambi nzima kuanzia kamanda mpaka mpishi walikuwa wanajipanga mstari mmoja upana wa njia ya kurukia ndege, wanatembea taratibu wameinamia chini, wanaokota kila kijiwe na kila msumari, kwa sababu kijiwe kimoja kikivutwa na injini, ndege imekwenda. Tabia hiyo aliileta Glenwood. Kila Jumamosi tulijipanga uani, watu wazima na shahada zetu na biashara zetu, tunaokota vifuniko vya soda.

"Mi ni baba wa watoto wane," Papa Merveille alikuwa akilalamika ameinama. "Vraiment, hapa avion gani itashukaka?"

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nguruwe. Kambi ile ilifuga nguruwe wa kula, na siku moja mmoja akatoroka, akajilaza katikati ya njia ya kurukia ndege huku rubani anazunguka angani anangoja kutua. Kamanda akawaamuru Watanzania wamwondoe, kwa kuwa walikuwa ndio walio karibu. Wawili ni Waislamu, wa tatu Msabato. Wakasimama pale kwenye theluji wanajadiliana: amri ya kijeshi inahalalisha kumshika nguruwe au haihalalishi? Msabato akasema yeye kwao hata kumtazama ni mtihani. Juu rubani mafuta yanamwishia. Mwishowe Afande akavua koti, akamfunika nguruwe kichwa, akamsukuma kwa ufagio huku anamsomea Ayatul Kursi. Koti hakulivaa tena, akatetemeka mwezi mzima mpaka walipompa jingine. Kila alipoisimulia hadithi hiyo, nguruwe aliongezeka uzito. Nilipohama chumba cha mbele kwenda cha nyuma alikuwa ameshafikia ukubwa wa ndama.

Nilikuwa namchukua kwenye maduka ya jumla ya Wachina anisaidie kupunguziwa bei. Nilidhani anajua Kichina. Alikijua kweli, ila kilikuwa Kichina cha kambini tupu. Ningetaka punguzo la jora la kitambaa, yeye anamkazia macho muuzaji na kumfokea, kwa sauti ya gwaride, "Zima injini! Ondoka mbele ya bawa! Kagua mafuta!" Wauzaji vijana walichanganyikiwa. Lakini palikuwa na mzee mmoja wa Kichina mwenye duka la mablanketi, aliyesikia hayo akainuka kwenye kiti chake, akasimama wima, akampigia saluti. Wakashikana mikono muda mrefu. Hawakuwa na mazungumzo mengi, maana huwezi kuzungumza sana na mtu kuhusu kuzima injini, lakini wakanywa chai, na blanketi nikapewa kwa bei ambayo bado naionea haya.

Nidhamu alihubiri kila siku, na kila siku alichelewa. Viatu viling'aa ukajiona uso, soksi ndani zimetoboka vidole vitatu. Alitukataza kupiga kelele baada ya chakula, halafu yeye redio yake, kwa kuwa injini zilimharibu masikio, ilisikika mpaka kwa jirani. Simu alizungumza kwa spika siku zote, kwa hiyo hakuna siri yake ambayo hatukuijua. Alikuwa bahili wa sukari na mkarimu wa nyama. Aligombana na madereva wa taxi kwa sababu kabla ya kukaa alitaka kujua nani amefunga breki na kama naye yumo ndani ya gari. Siku moja dereva akamtazama kwenye kioo, akasema, "Eish, baba, yehla," akamshusha kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu, na mvua inanyesha. Akafika nyumbani amelowa, anasema amemfundisha adabu yule dereva.

Sasa mtu huyu, Afande wa ndege, alikuwa hapandi ndege. Kabisa. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka nikadhani mzaha. Kila nikienda Dar kuchukua mzigo namwambia twende ukaone wanao, naye ananiuliza: "Fundi aliyesaini hiyo ndege, naye anapanda?" Namwambia sijui, labda yuko nyumbani kwake anakula ugali. "Basi na mimi nakula ugali." Pesa alikuwa nayo, vibali vyake vilikuwa safi, kwa hiyo hakukuwa na cha kusingizia. Aliwahi kwenda bandarini kuuliza kama kuna meli ya mizigo itakayomchukua mpaka Dar es Salaam. Walinzi wa getini walicheka, wakampa maji ya kunywa, wakamrudisha.

Alikuwa na mabinti watatu Mbagala, kwa mama yao. Alipoondoka nyumbani yule mdogo ndiyo kwanza anasimama dede. Alikwenda kuwaona mara moja tu, kwa basi, mdogo akiwa shule ya msingi. Basi likaharibika Zambia, likizo ikaliwa na barabara, akakaa nao siku tatu akarudi. Mke wake hakumwacha wala hakumngoja. Nikimpelekea vifurushi alikuwa ananiuliza, "Mume wangu wa simu hajambo?"

Binti mkubwa alipoolewa, Afande alitoa uwakala kwa simu. Wenye dini yetu mnajua, na wasiojua ni hivi: kwenye ndoa ya Kiislamu baba ndiye walii, ndiye anayemuozesha binti yake, na asipoweza kufika anamwakilisha mtu asimame badala yake. Akasimama mdogo wake. Binti wa pili naye hivyo hivyo. Posa ilikuja, Afande akazungumza na kijana kwa simu dakika chache, akamwona ana sauti ya heshima, akaridhia. Kumbe kijana ana mke Kahama, na watoto, na yule mke hana habari. Binti alirudi kwa mama yake na begi moja. Baada ya kusikia, Afande wiki nzima hakutengeneza kitu chochote ndani ya nyumba, na wala hatukufurahi.

Ndipo ikaja zamu ya kitinda mimba. Mchumba mpishi wa melini, kijana wa Kigamboni, mimi mwenyewe nilimwona nikamkagua mpaka meno. Ndoa ikapangwa Ijumaa, na Jumatatu inayofuata kijana anarudi melini. Afande akaapa safari hii anakwenda mwenyewe. Kwa basi! Ataondoka wiki mbili kabla, basi likiharibika mara kumi bado atafika. Akanunua kanzu mpya. Akawa mpole hata kwenye sukari.

Mungu naye ana vituko vyake. Kabla ya kuondoka akataka kutuachia paa limezibwa, na ngazi ilikuwa imekatika kipago. Akakitengeneza. Na kwa kuwa amekitengeneza yeye, akapanda yeye kwanza.

Alianguka na mgongo kwenye saruji. Hakuvunjika, lakini daktari wa kweli, wa hospitali, akasema kukaa kwenye basi siku nne hata kusizungumzwe. Ndege sawa. Basi, hapana.

Tukamsihi wote. Papa Merveille akashauri nimtilie dawa ya usingizi kwenye chai tukamshushe Dar kama mzigo. Daktari akaleta hesabu zake za usalama wa ndege, Afande akamwambia hesabu hazina mgongo. Jioni moja, sote tupo jikoni, akampigia simu binti yake. Kwa spika, kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sasa, mama, baba yako nimeanguka. Mgongo. Daktari amenikataza basi. Baba yako mdogo atasimama, nimeshaongea naye, na mimi nitakuwa kwenye simu toka mwanzo mpaka mwisho…"

Tukasikia kuku wa Mbagala.

"Baba, ile sheria yenu ya Uchina bado ipo?"

Afande akatutazama. "Ipo."

"Inasemaje?"

"Anayesaini anapanda."

"Ndoa ya dada mkubwa ulisaini, hukupanda. Ya dada wa pili ulisaini, hukupanda, ikaanguka naye ndani. Sasa yangu, baba, kama hupandi usisaini. Nitakaa hapa hapa kwa mama."

Akakata.

Papa Merveille akajikuna nyuma ya sikio, akasema polepole, "Eh, Afande. Mtoto amekupiga." Daktari akamwambia, "Pole, mzee," na hilo neno mzee hakuwahi kumwita. Afande akainuka kwa kushikilia meza, ile meza yetu ya kuchuchumaa, akaenda chumbani kwake. Mimi nilikasirika nusura nimfuate nimtukane. Mtu mzima umri ule, eti fundi yuko wapi!

Asubuhi nikamkuta barazani anapaka viatu rangi. Bila kuniangalia akaniambia, "Mimi nilikuwa natapika."

"Umetapika? Umekula nini?"

"Uchina. Kila walipoipandisha ndege niliyoisaini, natapika. Rubani alikuwa ananipa ndoo. Wachina wakatunga wimbo. Wimbo wa ndoo, kambi nzima wanauimba nikipita." Akatema mate kwenye kiatu, akasugua. "Mtu akikuona umetapika kwenye suti yako mbele ya watu mia, atakuita Afande tena?"

Nikamtazama. Yaani miaka yote ile, fundi yuko wapi, nani kasaini, taxi kushushwa kwenye mvua, kumbe ni kichefuchefu! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Nikamwambia, mwenzangu, Afande unaitwa na watu watatu, na wote watatu tumeshakuona na povu na taulo la mkono. Twende nikukatie tiketi. Nami nina mzigo wa kuchukua Kariakoo, nitakaa pembeni yako.

Alitapika, msidhani muujiza ulitokea. Alianza kabla hatujaiacha pwani ya Durban, akamaliza vifuko vyake, akamaliza vyangu, akaomba vya Mzungu wa upande wa pili. Johannesburg tukabadilisha ndege, akapumzika, tulipopaa tena akaanza upya. Kitenge changu kipya kilikwenda na maji. Mhudumu mmoja alikuwa anapita kila mara, anamuuliza kwa upole, "Are you okay, tata?" naye anampungia mkono kwamba ashughulike na kazi yake.

Kati ya kifuko na kifuko, macho yamemwiva, akanishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono. Akaniambia, "Kutapika nilishazoea. Lakini huyu mtoto sijui nitamwambia nini. Wale wengine wawili nimewabeba mabegani. Huyu nimemwona mara moja akiwa na sketi ya shule, alijificha nyuma ya mlango siku zote tatu. Atanionaje?" Nikamwambia atakuona umetapika, basi. Hakucheka. Akaangalia dirisha mpaka tukatua.

Mbagala tulifika Alhamisi. Bibi harusi alikuwa ndani, hatolewi nje, anapambwa, na baba hakuruhusiwa kumwona, wanawake wamefunga mlango. Nilimwona Afande amekaa sebuleni na kanzu yake mpya ikiwa bado na mikunjo ya dukani, anaangalia ule mlango. Mke wake akampitishia chai, wakasalimiana kama watu wanaofahamiana kazini.

Ijumaa baada ya swala, wanaume wakajaa chini ya turubai, bwana harusi na kofia yake ya vito, kipaza sauti kinakoroma. Pilau limeshaiva. Kwa desturi, kabla ya kuozesha, walii anaingia na mashahidi kwa bibi harusi kumuomba idhini. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa mkekani miguuni pake, tunangoja kupiga vigelegele. Mlango ukafunguliwa, akaingia sheikh, wakaingia mashahidi wawili, na nyuma yao Afande. Binti alikuwa amefunikwa shela ya kijani, anaonekana mikono tu, hina mpaka kwenye viwiko.

Sheikh akamnong'oneza Afande maneno ya kusema. Ni machache: binti yangu, naomba idhini yako nikuozeshe fulani bin fulani kwa mahari mliyokubaliana. Afande akafungua mdomo. "Binti yangu," akasema. Akaanza tena, "Binti yangu," sauti ikamkatikia pale pale. Yule mtu aliyetufokea Jumamosi ngapi uani! Sheikh alimwonea huruma, akamwambia taratibu, "Mzee, ukishindwa si vibaya, mdogo wako yupo mlangoni."

"Hapana," Afande akasema. Akavuta pumzi, akayasema yote mpaka mwisho, na jina la mkwe nusura alikosee. Tukangoja. Desturi bibi harusi anyamaze, kunyamaza kwake ni ridhaa, au aseme ndiyo kwa sauti ndogo. Shangazi mmoja alikuwa ameshaweka ulimi tayari kwa kigelegele.

Binti akaifunua shela mwenyewe. Wanawake wakaguna. Akamtazama baba yake usoni, muda, mwanamke mzima ameshapakwa wanja, na wanja unaanza kushuka.

"Umekonda, baba," akasema. "Kaa."

Sheikh akakohoa. "Binti, bwana harusi anangoja jibu nje. Na watu wote."

"Waambie wangoje," akasema, macho hayajabanduka kwa baba yake. "Mimi nimengoja zaidi yao."

Afande akavua viatu, akakaa mkekani kwa shida, mgongo unamuuma, akalia kwa sauti mbele ya sheikh na mashahidi. Binti akamshika mkono, akauweka mapajani pake, akaufunika kwa mikono yake miwili. Sheikh akawaangalia, akafunga kitabu chake, akatoka na mashahidi kwenda kuwaeleza watu chini ya turubai. Nasi tukatoka mmoja mmoja tukawarudishia mlango. Mimi nikazunguka uani nikamwambia mpishi afunike pilau.